Mora haongei Kiingereza hata neno moja, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nimekuja Haifa kusoma shahada ya pili, masomo yenyewe ni kwa Kiingereza ila kabla ya muhula kuanza tumewekwa ulpan, yaani darasa la kujifunza Kiebrania, levo ya Alef (ya wanaoanza), masaa matano kwa siku. Leo nimemaliza siku ya nane. Mwalimu wetu (tunamuita mora) haongei Kiingereza hata neno moja, ukimuuliza kwa Kiingereza anakujibu Kiebrania. Kila neno natafsiri kwenye simu, nikiinua kichwa wenzangu washafika ukurasa mwingine. Herufi nilijifunza mwenyewe nyumbani Rombo kabla sijaja, zote 22, lakini ubaoni siioni hata moja ninayoijua. Nikirudi hosteli kichwa kinagonga, nalala na viatu. Kuna jamaa anafundisha Kiebrania kwa Kiingereza, je niache ulpan nihamie kwake? Au mimi sina kichwa cha lugha? Alafu mtihani wa kwanza ni siku wanayoiita yom khamishi, naogopa kweli.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na safari na pole na kichwa. Nikupe jibu kwanza ndo nieleze: usihame. Na kichwa cha lugha unacho, umetoka nacho Rombo, ila kwa hizi siku nane umekuwa unajifunza Kiebrania kwa kupitia Kiingereza, yaani mora anasema neno, we unaliingiza kwenye simu linatoka Kiingereza, halafu kichwani unaligeuza tena Kiswahili ndo ulielewe. Mizigo miwili kwa kila neno, masaa matano, lazima kichwa kiume. Mimi nilipita ulpan nikifanya hivyo hivyo karibu mwezi mzima hadi nilipoacha, na miaka hii yote ninayowasaidia vijana wa kwetu wanaofika Israeli naona ugonjwa ni uleule.

Kwanza elewa mora hakunyimi Kiingereza kwa roho mbaya. Hiyo ulpan ina historia yake. Kati ya 1948 na 1951 waliingia Israeli karibu watu 700,000, nchi ikawa na Wayahudi mara mbili ya waliokuwepo, na walitoka Iraki, Yemeni, Moroko, Polandi, Romania, kila mmoja na lugha yake. Ulpan ya kwanza, Ulpan Etzion ya Yerusalemu, ilifunguliwa 1949. Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya mwalimu wa siku zile: mbele yako kuna daktari anayeongea Kipolandi, pembeni yake mama wa Baghdad anayeongea Kiarabu, nyuma kijana wa Bucharest. Utawatafsiria kwa lugha ipi? Hakuna. Inabaki kushika kitabu mkononi na kusema "ze sefer", hiki ni kitabu, na kurudia hadi wote waseme. Njia hii wanaiita "ivrit be'ivrit", Kiebrania kwa Kiebrania, na ilikuwepo hata kabla ya ulpan, walimu wa mwanzo walishaanza kuitumia tangu enzi za Waturuki. Darasa lako la leo sidhani kama lina tofauti kubwa, nina hakika mna Mjerumani, Mchina, Mrusi, pengine na Mhabeshi. Mora akianza Kiingereza ni nani atakayebaki nyuma? Si wote wanakijua kama wewe.

Na hii lugha yenyewe imepitia hapo hapo. Kwa karne nyingi Kiebrania kilikuwa cha kusali, kusoma na kuandika, hakuna mtoto aliyekuwa anakinyonya kwa mama yake. Eliezer Ben-Yehuda, aliyeongoza kazi ya kukifufua kiongelewe tena, alifika Yerusalemu 1881, mwaka uliofuata akapata mtoto wa kiume, akakataza nyumbani isiongelewe lugha nyingine yoyote mbele ya yule mtoto. Maneno mengine hayakuwepo ikabidi ayatunge, kamusi akaiita "milon", gazeti "iton", aiskrimu "glida", na yote matatu utayasikia leo hii ukishuka mjini. Leo kazi hiyo inafanywa na Akademia yao ya lugha iliyoanzishwa 1953, kama sisi tulivyo na BAKITA tangu 1967, na wao pia kuna maneno watu wanayapokea na mengine wanayakataa: kompyuta wanaiita "makhshev" na kila mtu anasema hivyo, lakini neno la Akademia la intaneti halisikiki kabisa mtaani, watu wanasema tu internet.

Sasa nikuulize kitu. Umesema umekulia Rombo, na najua kule bibi zetu ni Kichaga tupu. Kiswahili ulikijua vipi? Kuna mtu alikutafsiria? Mwalimu wa darasa la kwanza alishika kiti akasema "Hiki ni nini? Hiki ni kiti", mkaitikia wote. Basi mora wako anasema "Ma ze? Ze kise". Sentensi ni ileile, na hata neno lenyewe, kwa bahati tu, linafanana kidogo na kiti. Hii njia inayokutisha leo ulishaipita una miaka sita au saba na ukafaulu.

Nadhani najua kinachokutia hofu, na sio darasa la kwanza, ni kidato cha kwanza. Pale tulipoingia tukakuta kila kitu Kiingereza, ukikosea darasa zima linacheka, ukiongea Kiswahili monita anaandika jina lako. Wengi wetu tulijifunza pale kwamba ukiwa hujui kimya ndo usalama, na tukaondoka na kile kimya tukaenda nacho kila mahali, chuo, kazini, hadi ulpan. Naomba hiki ukiache. Ulpan mtu asiyekosea ni mtu asiyeongea, na mora anakosa cha kusahihisha. Na usishtuke namna anavyosahihisha: atakukatisha katikati ya sentensi, "lo, lo, lo!", na mkono juu, na wenzako watadakia kabla hujamaliza. Kwa kwetu huo ni ukali, ungesema umemuudhi. Pale sio. Ni namna yao ya kuongea, sekunde mbili baadaye ameshasahau, na we sahau. Vilevile kumuita mwalimu kwa jina lake la kwanza kwetu ni mwiko, pale wanamuita hivyo na hakuna anayeona vibaya, lakini kama ulimi wako unakataa endelea na mora, ni heshima nzuri tu.

Kuhusu ubao. Mdogo wangu, hili wala sio kosa lako, na nasikitika watu hawaambiwi mapema. Herufi ulizojifunza nyumbani ni za chapa, za kwenye vitabu na Biblia. Waebrania hawaandiki hivyo kwa mkono. Wana mwandiko wa mkono kabisa, na mora ubaoni anaandika huo, na barua, na noti ya jirani mlangoni, na kibao cha bei sokoni. Hebu nianze na shin: ya chapa ni kama jembe la meno matatu, ש, lakini ya mkono ni kama e yetu ndogo. Alef ya mkono ni kama kijiti na c vimesimama pamoja. Mem ni kama N kubwa. Tsadi ni kama tarakimu 3. Samekh ni duara tu, o. Zinazosumbua zaidi ni he, khet na tav maana zote tatu zina umbo la n: khet ni n tupu, he ule mguu wa ndani umeachana na wenzake, tav ina kikanyagio chini kushoto. Chukua jioni mbili, sio zaidi, daftari la mistari, andika kila herufi mstari mzima kulia kwenda kushoto, halafu nakili aya moja ya kitabu chenu kwa mwandiko wa mkono. Jioni mbili tu, utaona ubao umefunguka. Na usisahau kuna herufi tano zinabadilika zikiwa mwisho wa neno, kaf, mem, nun, pe na tsadi, na mem ya mwisho ya chapa ם usiichanganye na samekh ס, ile ina kona, hii imeviringika.

Irabu zile nukta za chini na juu (nikud) kitabu cha Alef kinakuwekea mwanzoni halafu zinapungua pungua. Usizing'ang'anie. Huko mtaani hazipo, utasoma neno kwa kulijua kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake akiwa mbali.

Haya, sasa twende kwenye Kiswahili, maana hapa ndo moyo wa ninachotaka kukuambia. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu wa damu. Kiswahili ni Kibantu lakini kimekopa Kiarabu karne na karne. Kwa hiyo we Mchaga wa Rombo umebeba mdomoni maneno mamia ambayo ni binamu wa Kiebrania na hujui. Damu ni "dam". Nafsi ni "nefesh". Roho ni "ruakh". Zamani ni "zman", kwao maana yake wakati. Saa ni "sha'a", dakika ni "daka", tarehe ni "ta'arikh". Malaika ni "mal'akh", malkia ni "malka", mauti ni "mavet", yatima ni "yatom". Ukienda dukani sabuni ni "sabon" na sukari ni "sukar". Mjerumani aliyekaa pembeni yako karibu yote haya anayaanza sifuri, wewe unakumbushwa tu.

Na kuna mwenendo ndani yake, ukiushika unaanza kukisia mwenyewe: s yetu kwao mara nyingi inakuwa sh, na a ndefu ya Kiarabu inakuwa o. Salama, shalom. Rasi, kile kichwa cha nchi kilichoingia baharini, kwao "rosh" ni kichwa. Angalia hesabu: sita ni "shesh", saba ni "sheva", tisa ni "tesha". Halafu makumi, haya naomba uyasome kwa sauti: ishirini esrim, thelathini shloshim, arobaini arba'im, hamsini khamishim, sitini shishim, sabini shiv'im, themanini shmonim, tisini tish'im. Mia ni me'a, elfu ni elef. Ile -ini yetu ya mwisho ni -im yao. Nilipoligundua hili nilikuwa nimesimama sokoni mbele ya mzee anayepiga kelele "khamishim, khamishim", nikasikia hamsini, kabisa, sikutafsiri kitu, mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Kuanzia siku ile sikufungua simu tena kuuliza bei.

Tukiingia ndani zaidi ni mzizi, wanaouita "shoresh". Maneno mengi ya Kiebrania yamejengwa kwenye konsonanti tatu, na maana inakaa humo. Chukua k-t-v. Kwetu kuna kitabu, katibu, maktaba, si unaona k-t-b imejificha humo? Kwao "katav" ni aliandika, "mikhtav" ni barua, "ktovet" ni anwani, "katava" ni makala ya gazeti. Chukua kh-sh-v. Kwetu hesabu, mhasibu. Kwao "khoshev" ni anafikiri, ile "makhshev" ya kompyuta inatoka hapo, na ukimaliza kula mgahawani unaomba "kheshbon", yaani hesabu, ndivyo tu tunavyosema hata sisi, niletee hesabu yangu.

Sasa subiri. Ukifika mbele kidogo utaambiwa kuna "binyanim" saba, na darasa zima litaogopa, Waingereza na Wamarekani ndo watashika kichwa. We usiogope maana kitu hiki unacho tangu utotoni, ni kunyambua kitenzi. Angalia:

katav, andika
nikhtav, andikwa
hikhtiv, andikisha (mora anaposoma imla nyie mnaandika)
hitkatev, andikiana

Umeona? Sisi tunabandika mkia, -wa, -isha, -iana, wao wanabadilisha kiwiliwili cha neno, lakini wazo ni lilelile moja. "Lomed" anasoma, "melamed" anasomesha. "Okhel" anakula, "ma'akhil" analisha. "Lovesh" anavaa, "malbish" anavisha. Mtu anayefikiri kwa Kiingereza inabidi akariri haya kama maneno tofauti yasiyo na undugu, kula neno lake na kulisha neno lake, wakati wewe unajua kabisa kula na kulisha ni nyumba moja. Sisemi kila kitenzi kinatii hivyo, kuna vingi vimekwenda zao njia nyingine, na kwa sasa Alef hamjafika huko, usikimbilie majedwali. Nataka tu uijue hali kwamba kilichopo mbele sio mlima.

Ndo maana nakuambia daftari la msamiati usipange kama simu inavyopanga. Kila mzizi mpe ukurasa wake, andika herufi tatu juu, na kila neno jipya la mzizi ule ukikutana nalo lilete nyumbani kwao. Pembeni andika maana kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, nasisitiza, sio Kiingereza. Kama kuna binamu yetu mwandike na yeye.

Mpangilio wa sentensi nao uko upande wako. "Sefer gadol", kitabu kikubwa, sifa inakuja nyuma na inafuata nomino, kama kwetu. "Ani studentit", mimi mwanafunzi, hakuna kitenzi katikati wala hakihitajiki. "Yesh kafe?" Kuna kahawa? "Ein." Hakuna. Nyumba ya kitu fulani ni "beit" fulani: shule ni "beit sefer", nyumba ya kitabu, hospitali ni "beit kholim", nyumba ya wagonjwa, na Bethlehemu uliyoiimba kila Krismasi ni "beit lekhem", nyumba ya mkate. Salamu nazo: "ma nishma?" maana yake nini kinasikika, sasa hiyo si ni habari gani yenyewe? Na "ma shlomekh?" wanakuuliza usalama wako, kama tunavyoulizana u salama. Na hapa ni "po". "Ani po", nipo hapa. Hii ya po ni bahati tu, haina undugu wowote, ila inakaa kichwani vizuri.

Bahati nyingine zitakukwaza. "Kama" kwao ni ngapi au kiasi gani, "kama ze ole?" ni bei gani. "Mi" ni nani, sio mimi. "Hu" ni yeye mwanaume na "hi" ni yeye mwanamke.

Na hapo kwenye mwanaume na mwanamke ndo penye kazi ya kweli kwako, sitakudanganya. Sisi tunasema anasoma, basi, awe Juma awe Asha. Kiebrania hakikubali. Wewe, kwa kuwa ni mwanamke, ni "ani lomedet", kaka akikaa pembeni ni "ani lomed". Ukimuuliza mwanaume ni "ata", mwanamke ni "at". Hadi vitu vina jinsia. Mimi nawaambia watu wa kwetu wachukulie kama ngeli, kwamba ni ngeli mbili tu, wakati wewe unabeba ngeli za Kiswahili zote na hukosei hata ukiwa usingizini, kiti kimevunjika, miti imeanguka. Neno likiishia -a au -t mara nyingi ni la kike, ingawa "laila", usiku, ni la kiume japo lina a. Kilichobaki ni mazoea ya mdomo, na wewe una bahati mwalimu wako ni mwanamke, ukimuiga neno kwa neno anapojisemea mwenyewe unakuwa sahihi. Wanaume wengi wanatoka ulpan wanajisema kike kwa sababu wamemuiga mora. Namba zenyewe zina jinsia na zinakwenda kinyume na unavyotegemea: wasichana watatu ni "shalosh banot", wavulana watatu ni "shlosha banim", ile -a imeenda kwa wavulana. Hili litakuchukua miezi, na lichukue tu.

Matamshi hayakusumbui sana nadhani. Kh tamka kama watu wa pwani wanavyotamka kheri na Khamisi, usiifanye h nyepesi. R yako ya ulimi iache hivyohivyo, inaeleweka.

Sasa saa na siku, hapa sikiliza vizuri sana maana watu wanakosa mihadi. Darasa lenu likianza "shmone vakhetsi" maana yake nane na nusu ya saa yao, yaani kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Siku ndo zinachanganya zaidi. Sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, wao wanaanza Jumapili: "yom rishon", siku ya kwanza, ni Jumapili. Kwa hiyo "yom sheni" ya pili ni Jumatatu, "yom shlishi" ya tatu ni Jumanne, "yom revi'i" ya nne ni Jumatano. Daima sisi tumewazidi moja. Ila wiki yetu ina tano mbili, hujawahi kuliwaza hili? Jumatano ni tano ya Kibantu na Alhamisi ni tano ya Kiarabu, maana khamsa ni tano, na Waarabu nao wanaanza Jumapili kama Waebrania. Hivyo "yom khamishi" ni Alhamisi, neno kwa neno. Ishike hiyo kama nanga, zilizobaki hesabu kurudi nyuma.

Ratiba yako kuanzia kesho naiona hivi. Simu iwe kwenye begi, zipu imefungwa, masaa yote matano hadi "hafsaka", yaani mapumziko, na hata hapo usiitoe kwa ajili ya kutafsiri. Utapitwa na maneno, ndiyo, mengi tu. Mtu akielewa nusu ya anachosikia Alef anaenda vizuri kabisa, kilichobaki kitarudi kesho na kesho kutwa, mora anakirudisha makusudi. Badili kiti, kaa na mtu ambaye hamna lugha ya pamoja, Mrusi au Mchina, maana ukikaa na anayejua Kiingereza mtanong'ona Kiingereza. Jioni dakika ishirini za kuuliza maana za maneno yaliyokusumbua zinatosha, na huyo jamaa anayefundisha kwa Kiingereza kama ni rafiki mtumie hapo, jioni, kwa swali moja moja, sio badala ya darasa. Halafu lala. Lugha inajipanga ukilala, nimeona watu wanakesha na kesho yake hawana hata neno.

Ukitoka nje ya chuo fanya kazi ndogo ndogo. Kwenye basi sikiliza ile sauti inaposema "hatakhana haba'a", kituo kinachofuata, halafu jina, mwezi mzima utasikia sentensi hiyo mara mia bila kulipa ada. Nenda soko la Talpiot hapo Haifa ununue nyanya, "kilo agvaniyot bevakasha". Na Haifa watu wakisikia lafudhi yako watahamia Kiingereza haraka, wanadhani wanakusaidia. Waambie bila woga "ani lomedet ivrit", najifunza Kiebrania, na uendelee. Wengi wanafurahi sana wakisikia hivyo, na mama mmoja muuza mboga alinisimamisha pale nikiwa na mifuko mizito mikononi akanifanya nirudie neno "melafefon", tango, hadi likatoka vizuri, foleni nyuma yangu ikasubiri na hakuna aliyelalamika.

Kitu kimoja ambacho ningekubali uhamie ni hiki: kama darasani wenzako wote walishasoma Kiebrania kabla na wewe ndo mgeni pekee, basi pengine umewekwa Alef ya juu badala ya ile ya wanaoanza kabisa, hiyo inatokea. Nenda ofisini uulize, kabla wiki hii haijaisha. Kushuka darasa sio aibu, ila ni kushuka ndani ya ulpan, sio kutoka.

Mtihani wa kwanza wa Alef mara nyingi hauna makubwa, hadithi fupi na maswali yake, kujaza vitenzi vya wakati uliopo kwa jinsia sahihi, sentensi chache kuhusu wewe mwenyewe. Hizo sentensi andika leo usiku kwa mwandiko wa mkono: jina lako, unatoka Tanzania, "ani mi-Tanzania", unaishi Haifa, "ani gara be-Haifa", unasoma nini. Na kesho asubuhi kabla mora hajafungua kitabu, nyoosha mkono umwambie haya maneno manne kwa sauti, "ani lo mevina, le'at", sielewi, polepole. Atapunguza mwendo. Asipopunguza rudia na uongeze "od pa'am", mara nyingine tena. Alhamisi ukitoka kwenye mtihani niandikie, hizo sentensi zako zipige picha unitumie, nataka kuona hiyo alef yako ya mkono.